Zamu ya Mama Pelagia

Juzi kamekuja kajukuu kangu kamoja na rafiki zake wawili, wamevaa suruali zilizochanwa magoti kwa makusudi, wanataka kufungua baa pale Nsemulwa. Jina la baa wanalo. Rangi ya taa wamechagua. Mtu wa kupiga muziki wameshampata na wameshagombana naye. Nikawauliza choo kitakaa upande gani. Wakatazamana. Nikawaambia haya, nendeni, mkishajua choo kilipo mrudi tuongee.

Hawajarudi. Basi naona niwaambie wote kwa mpigo, nyie mnaotaka kuuza pombe, maana wengi mnadhani ni kazi ya kukaa karibu na spika na kuhesabu kreti. Mimi pombe nimeiuza katika Mpanda hii tangu tukiwa bado tumefungwa kwenye Mkoa wa Rukwa. Nimepika ya pipa, nimefungua ya chupa. Nimekaa pande zote mbili za barabara ile, na barabara yenyewe haikuwa pana.

Watu wananiuliza kila siku kwa nini miaka ile ya tisini vilabu vya pombe za kienyeji vilikufa kimoja kimoja, na grosari za Maganga, vile vibaa vya bia vya rangi ya bluu, zikaota kama uyoga. Kila mlevi ana jibu lake, na jibu lake ni bei. Bei gani? Bia ya Maganga ilikuwa rahisi kuliko bia ya hoteli, hilo kweli. Lakini komoni, pombe yetu ya mahindi, ilikuwa rahisi kuliko zote mbili. Kwa bei ya chupa yake moja, kwetu ungekunywa mpaka ukalisahau jina la mkeo. Na bado watu walivuka barabara.

Kilabu chetu kilikuwa Nsemulwa, matofali ya kuchoma, bati, mabenchi ya mninga yaliyong'arishwa na makalio ya watu, dirisha dogo moja na mlango mmoja. Nyuma kulikuwa na jiko la mapipa. Hapo ndipo nilipopelekwa nilipofika mjini, binti wa kijiji cha Mamba niliyejua kupalilia mpunga na basi. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli, mtu mwema, mvivu kidogo, Mungu amrehemu. Aliyenipokea jikoni ni Mama Pelagia.

Mama Pelagia alikuwa Mpimbwe kama mimi, mrefu, mikono mikubwa ya kubebea mapipa. Ndiye aliyekianzisha kilabu. Kanisani aliimba sauti ya kwanza na hakuiweza, na hakuna padri aliyethubutu kumhamisha. Mdomo wake ulikuwa mchafu siku sita za wiki. Lakini pombe aliijua. Alikuwa akipita karibu na pipa lililofunikwa anasimama, anasikiliza, anasema hii bado kesho, na ikawa kesho kweli.

Alinifundisha kazi yote. Unga wa mahindi unauvundika mpaka uchachuke, unaukaanga juu ya bati mpaka mikono inukie moshi wiki nzima, unaupika uji mzito, halafu ndipo kimea cha ulezi kinaingia. Hapo kwenye kimea ndipo wanawake wengi wanapoangukia. Kimea ni kitu hai, ukikimwaga kwenye uji wa moto unakiua. Hatukuwa na kipimo. Mama Pelagia alisema tumbukiza kiwiko: ukipiga kelele, ngoja, ukinyamaza, tia kimea. Mpaka leo kiwiko changu cha kulia kina baka.

Pipa langu la kwanza kabisa niliharakisha. Mtoto alikuwa analia, nikasema moto huu umepungua, nikatia. Kesho yake ikawa uji. Wateja wakawa wanaulizana leo tumelazwa wodi gani. Mama Pelagia akaja, akachota, akaonja, akatema chini mbele ya watu wote. "Huu mpelekeeni mwanamke aliyejifungua," akasema. Nililia, nikamnunia wiki nzima, halafu nikapika nyingine, na sijaua kimea tena katika maisha yangu.

Sasa mnisikilize kuhusu zamu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Tulikuwa wanawake saba, kila mmoja na siku yake. Siku yako ni yako. Hakuna pombe ya mwingine inayoingia ndani ya kilabu siku hiyo, hata tone. Pombe yako ikiwa nzuri, umekula. Ikiwa imechacha, wateja watakunywa iliyochacha au waende wakalale. Na kabla mtu hajanywa, mpishi anachota kopo la kwanza, anakunywa mwenyewe mbele ya watu, ili wajue hajaweka sumu wala uchawi. Zamu ilitulinda. Aliyejifungua, aliyefiwa, aliyechoka, siku yake ilimngoja. Mama Pelagia kwa kuwa ni mwanzilishi alikuwa na Jumamosi, siku nono kuliko zote.

Na kopo lilikuwa la wote. Linazunguka benchi zima, mdomo kwa mdomo. Msishike pua, nyie mnavuta shisha kwenye bomba moja. Kopo likizunguka, ukamwona mtu amelipitisha bila kunywa baada ya jirani yake, unajua hao wana ugomvi, na kabla jua halijazama wazee wameshawauliza. Mashamba, ng'ombe walioingia kwenye mpunga, mke aliyerudi kwao, yote yalisemwa pale. Kelele ilikuwa nyingi na ukweli ulikuwepo kiasi.

Huyo Maganga mwenyewe alikuwa mteja wetu. Kuli wa stesheni, Mnyamwezi mwembamba, anashusha magunia treni ya Tabora ikifika, halafu anakuja kukaa mwisho wa benchi na kopo moja mchana kutwa. Tulimwita Bahili. Kabula, mwenzetu wa zamu ya Alhamisi, Msukuma mwenye ulimi kama wembe, alikuwa akimwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, hiyo pombe unainywa au unailea?" Anacheka tu, anaendelea kutazama. Hatukujua anatazama nini. Mtu alikuwa darasani, na walimu ni sisi.

Nitawaambia siku niliyodhani kwamba somo limemwingia. Kulikuwa na Msukuma mmoja, Masanja, mfugaji, familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Kwa Wasukuma wa wakati ule, mkwe hukutani naye uso kwa uso ovyo ovyo, sembuse pombeni. Sasa mama mkwe wa Masanja naye alikuwa anapenda komoni, na kwa komoni ya Kabula angetembea kutoka popote. Alhamisi moja Masanja yuko katikati ya benchi, anasimulia habari ya fahali wake, mara mama mkwe huyo mlangoni. Mlango ni mmoja. Dirisha halimtoshi. Mwanaume mzima akapiga mbizi nyuma ya mapipa, akajifunika gunia la machicha.

Mama mkwe hakuwa na haraka. Alikunywa, akaimba, akasinzia, akaamka, akaagiza nyingine. Masanja yuko kule chini anatokwa jasho, machicha ya moto yanamtonea shingoni. Kabula kila akienda kuchota anamkanyaga kwa makusudi. Mwanamke yule alipoondoka, tulimtoa Masanja ananuka kama pipa lenyewe, na ng'ombe wake walimkataa siku mbili. Siku hiyo Maganga alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatulia, akawa anautazama ule mlango.

Alipojenga grosari yake ya kwanza, kule stesheni, aliiwekea milango miwili: mmoja wa barabarani, mmoja wa nyuma unaoelekea chooni na uchochoroni. Chekeni. Lakini mwalimu asiyetaka kuonwa na wanafunzi, katekista, mume, mke, mkwe, wote waliingia kwa Maganga kwa sababu walijua wanaweza kutoka. Na akampa kila mtu kiti chake na chupa yake. Mtu anaweza kukaa peke yake asiulizwe kitu. Kwetu ukikaa peke yako tunakuuliza umefiwa na nani.

Halafu akajenga ya pili, ya tatu, na zote zilikuwa moja. Rangi ile ile ya bluu, aliipata kwa bei ya kutupa kwa fundi mmoja aliyekosea oda. Kaunta kushoto, choo nyuma kulia, viti vya plastiki vyeupe, bei ile ile imeandikwa ukutani kwa chaki. Alipofungua vijijini, Mamba na Sibwesa, nilicheka, nikasema nani ataenda kunywa bia kule kwenye tope. Dereva wa lori la mpunga ndiye aliyenijibu. Alisema, "Mama Deo, nimekwama njiani tangu jana, nimesukuma gari mpaka nguo zimeniisha. Nikifika Mamba sitaki kushangazwa na kitu kingine." Kwa Maganga alijua kabla hajafika atakaa wapi na atakojoa wapi. Kwetu hujui: leo tamu, kesho uji, keshokutwa mama mkwe.

Na alijua mvua. Treni ilikuwa ikikatika masika, reli inazama, wenye baa wote wanabaki na friji zao za mafuta ya taa zikiwa tupu. Sisi wa mapipa tulikuwa tukishangilia mvua. Maganga akawa anajaza stoo yake kiangazi, behewa zima. Masika yakaja, yeye anauza kama kawaida. Na mwenyewe hakukaa baani kwake akilewa na wateja. Andikeni hilo mahali, nyie ambao chupa ya kwanza ya siku mnafungua wenyewe.

Yote hayo ni kweli na yote hayo tungeyaweza. Kabula alikuwa ameshasema tutoboe mlango wa pili. Tulikuwa tumeshaongea habari ya choo. Kilichotushinda kilikuwa Jumamosi.

Mama Pelagia alifiwa na mumewe, na tangu matanga yalipokwisha pombe yake ikageuka. Kwanza tulidhani bahati mbaya. Jumamosi moja imeungua. Jumamosi nyingine mbichi. Nyingine kali ya kutoa machozi. Tukagundua ulimi wake haupo tena. Uzee, huzuni, sijui, siyo daktari mimi. Alikuwa anachota kopo la kwanza mbele ya watu kama kawaida, anakunywa, anapangusa mdomo, anasema, "Tamu." Nani ambishie? Yeye ndiye aliyetufundisha wote.

Wateja nao wakawa na adabu zao. Mzee mmoja aliyekuwa mchimba madini zamani alikuwa akishusha pumzi, anafumba macho, anameza kama mtu anayeruka mto. Katekista alisema amekatazwa na mganga wa zahanati, Jumamosi tu, siku nyingine anaruhusiwa. Ilifika mahali watu wakawa wanasimama njia panda wanaulizana leo zamu ya nani. Wakisikia ni Jumamosi, wanakumbuka wana wagonjwa nyumbani.

Wanawake sita tukakutana kwa Kabula. Kila mtu alisema lazima Mama Pelagia aambiwe, na kila mtu alisema aambiwe na mwingine. Kabula akasema yeye Msukuma, akimwambia mzee wa watu ataonekana ana dharau za wageni. Mwingine akasema yeye ni mtoto wa ubatizo wake. Mwingine alikuwa na mimba, kana kwamba mimba inazuia kusema. Mwisho macho yote yakaja kwangu, kwa kuwa mimi ni wa kwao Mamba.

Nikaenda. Nikamkuta anabangua karanga uani. Akanipa kigoda, nikaanza kubangua naye. Akaniuliza habari za watoto, nikamwambia. Akanisimulia mume wake alivyokuwa akimwandalia kuni za kukaangia usiku wa Ijumaa, amezipanga kwa unene. Nikasema ndiyo mama. Jua likashuka, karanga zikaisha, akanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, nikarudi.

"Umemwambia?" Kabula akauliza.

"Amenipa viazi."

"Sikukuuliza viazi."

"Basi nenda wewe."

Hakwenda. Viazi tukavipika tukavila, na wakati tunakula tukaamua jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka sijui nicheke au nijipige. Tukaamua tutainywa sisi. Kumwaga pombe ya mwenzio ni tusi lisilofutika, na kuacha ibaki pipani ataiona. Kwa hiyo kila Jumamosi wanawake sita wenye akili zetu tulikuwa tunaingia pale, tunakaa mabenchi ya mbele, tunanunua, tunazungusha kopo na kusifia. Jumapili tulivyokuwa kanisani msiulize. Kuna siku Kabula alijibu "Amina" katikati ya matangazo.

Maganga alifungua grosari ya Nsemulwa siku wakulima wa tumbaku walipolipwa. Aliifungua ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na sisi, na ilikuwa Jumamosi. Sisemi alifanya kwa ubaya. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi miaka ile yote, alijua Jumamosi ina nini.

Kilabu kilijaa kufikia saa nane mchana. Watu wametoka vijijini, wana hela, wana kiu, na miguu yao imezoea kwetu. Mama Pelagia amefunga kilemba kipya. Akachota, akanywa, akasema, "Tamu." Kopo likaanza kuzunguka. Jamani, ile ya siku hiyo ilikuwa na kitu ndani kama sabuni. Niliona mabenchi yote yanameza kwa pamoja. Ng'ambo redio ya Maganga inaimba, na mtu amesimama mlangoni anafuta chupa kwa kitambaa.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Masanja. Alisema anaenda kuwaangalia ng'ombe wake. Ng'ombe wake walikuwa Sibwesa. Akafuata mchimba madini, akasema mgongo. Mwingine kamwona shemeji yake. Mwingine anarudi sasa hivi. Kila mtu aliaga vizuri, kila mtu alimshika Mama Pelagia mkono, hakuna hata mmoja aliyesema pombe ni mbaya. Walitoka kwa mlango wetu ule mmoja, wakavuka barabara, tukawa tunawaona wanavyoketi kwenye viti vyeupe.

Mama Pelagia alibaki na kopo mkononi. "Wana shughuli nyingi leo," akasema. Moyo uliniuma siku ile. Uliniuma kuliko siku nilipomzika mume wangu, na sisemi hivyo kumdharau marehemu. Tukakaa wanawake sita tukainywa.

Nilijua Jumapili watarudi, zamu ni ya mwingine, pombe ni nzuri. Walirudi wachache. Jumatatu wachache zaidi. Mlevi ni mtu wa mazoea, ukimfundisha kuvuka barabara mara moja, miguu inashika njia. Kufika masika, mwenzetu mmoja akaenda kuuza mchele sokoni, mwingine mitumba, mwingine akazaa akakaa. Kabula akafuata ng'ombe wa kaka yake. Wakati wa kuondoka aliniambia nikimwambia mzee nimwambie na yeye alijaribu. Alikuwa hajajaribu.

Tukabaki wawili, mimi na Mama Pelagia, na kilabu cha mabenchi ya watu hamsini. Mimi Jumatano, yeye Jumamosi. Deo wangu alikuwa amefaulu kwenda sekondari Sumbawanga, na mimi nilikuwa nawapikia pombe mzee mmoja, kiziwi mmoja, na mbwa wao.

Ndipo Maganga akavuka barabara. Alikuja kwa adabu, akakaa mwisho wa benchi pale pale pake. "Dada, nataka mtu wa kunisimamia hapo ng'ambo," akasema. "Nina vijana wanajua kufungua chupa. Nataka mtu anayemjua mlevi kabla hajalewa."

Nikamwambia sitaki. Akauliza kwa nini. Nikasema nitamwachaje mzee wa watu peke yake na mapipa saba? Akanitazama kama alivyokuwa akitazama kila kitu, akaondoka. Alirudi mara ya pili, nikakataa tena, na usiku wa siku hiyo niliuza kitenge changu kizuri kwa jirani. Deo alikuwa anahitaji viatu.

Mara ya tatu hakuja mwenyewe, alituma salamu kwamba Jumatatu anamchukua mtu mwingine. Jumamosi ya kabla yake nikaamka nimeamua. Nikasema leo namwambia Mama Pelagia yote, pombe, kazi, Deo, afe mtu apone mtu. Nikasali kabisa. Saa tisa alasiri nikafika kilabuni.

Mlango umefungwa kwa kijiti. Ndani pipa limegeuzwa, kavu, hakuna moto. Tangu nimjue Mama Pelagia, Jumamosi haijawahi kupita bila pipa, hata ile iliyofuata mazishi. Nikakimbia mpaka kwake, nikapiga hodi, kimya. Jirani akasema ametoka tangu mchana, amevaa nguo za kanisani. Nikarudi barabarani nalia waziwazi kama mtoto, nikijua nimechelewa.

Masanja ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa anatokea mlango wa nyuma wa Maganga. "Mama Deo, unalilia nini?" akaniuliza. "Bibi yenu yuko humu ndani, anatutukana."

Niliingia. Mama Pelagia amekaa kwenye kiti cheupe, kitenge cha sikukuu, viatu amevivua ameviweka sawasawa chini ya meza, chupa ya bia mbele yake. Alivyoniona akasogeza kiti kingine kwa mguu.

"Kaa. Mbona umelowa uso?"

"Nilidhani umekufa."

"Nimekuja kunywa. Nimechoka kupika pombe mbaya."

Nikakaa. Akanywa kidogo, akaweka chupa.

"Ulimi ulikufa, mwanangu, lakini macho ninayo," akasema. "Nilikuwa nawaona mnavyomeza. Mnafumba macho kama kuku."

"Sasa kwa nini hukuacha, mama?"

"Ningeachaje? Nyie mlikuwa mnakuja kila Jumamosi, mnakaa mbele, mnasifia. Nikasema hawa watoto wameshikilia kilabu hiki kwa ajili yangu, nikikosa siku yangu watavunjika moyo. Halafu wakaondoka wote ukabaki wewe. Nikasema nikiacha mimi, Mama Deo atabaki peke yake."

Nilicheka. Kicheko kikageuka, nikajikuta nimefunika uso kwa khanga. Alinisubiri nimalize, hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo.

"Ilianza kuwa mbaya lini?" akauliza.

"Baada ya matanga ya mzee."

"Tangu wakati huo wote?"

"Ndiyo mama."

"Na mlikuwa mnainywa."

"Tulikuwa tunainywa."

"Yote?"

"Pipa lote, mama."

Alikuwa anaizungusha ile chupa mezani taratibu kwa mikono yake ile mikubwa. "Ulimi tu ndio ulikufa," akasema. "Kiwiko changu kilikuwa kizima. Mngeniambia ningewatukana, ningewanunia, halafu ningekaa jikoni nikawapikia, mkanionjea nyie. Saba tungekuwepo mpaka leo. Mlinipenda vibaya nyie watoto."

Ilikuwa kweli. Ng'ambo ya barabara niliona mlango wetu na kile kijiti.

Maganga akatokea stoo, akamwona, akaja mwenyewe na kitambaa begani, akainama kidogo kama mtu anayemwamkia mama yake. "Shikamoo mama. Bia yangu umeionaje?"

"Mimi sina ulimi, baba," Mama Pelagia akasema. Akanisukumia chupa. "Muulize huyu."

Nikanywa. Wote wawili wananitazama, na Masanja mlangoni, na wateja wa meza ya jirani. Nilikuwa nataka ile kazi kuliko kitu chochote duniani. Neno "tamu" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ya moto," nikasema. "Friji lako utambi umekufa, unanuka mafuta ya taa mpaka huku. Na hizi chupa za chini zimekaa juani, mtu amekuwa mvivu kuzipanga. Mwenye kiu atakunywa moja tu, atahama."

Maganga akageuka, akaenda kufungua friji. Tukamwona anapiga magoti, anachungulia utambi, anaita vijana wake.

Mama Pelagia akanigonga goti chini ya meza.

"Umeona?" akasema. "Ameambiwa, na hajafa."